Njia ya Kwenda kwa Mzinga wa Mti

Mwaka ule Namwinyu tulikuwa na mizinga miwili.
Wa chuma ulilala chini ya wavu, kwenye mikorosho ya shule,
na kila alfajiri matawi yalibadilishwa,
kwa sababu jani lililokatwa, alisema Koplo Mbwilo,
hunyauka, na kunyauka huonekana kutoka juu.
Wa pili aliuchonga baba mdogo Chimbyangu,
ambaye mpaka siku hiyo alikuwa amechonga mashetani
na wanawake wenye ndonya.
Akaupaka mafuta ya maganda ya korosho,
ukang'aa kama umeshushwa jana bandarini Mtwara.
Viganja vyake vikababuka. Wiki mbili
mkewe alimlisha kama mtoto.

Tukaambiwa: Mreno haoni mtu. Mreno huona weupe.
Bati la zahanati likapakwa tope.
Jogoo wa Mzee Nandonde, mweupe pe,
akapakwa masizi; mitetea ikamkimbia.
Na makopa (hapo ndipo wanawake walipoguna)
makopa yasianikwe nje mchana.
Tukala muhogo ulioota ukungu,
ugali wa kijivu, mchungu,
wenye harufu ya sanduku la marehemu.

Sisi watoto nasi tulikuwa na kazi.
Kwenda kwa mzinga wa chuma: marufuku kufuatana.
Kila mtu apite pake, akanyage jiwe, aruke nyasi,
akirudi ainue majani aliyoyalaza.
Kwenda kwa mzinga wa mti: fuataneni.
Nendeni, rudini. Burura miguu.
Biskuti moja ngumu ya jeshi kwa safari kumi.
Siku moja nilikwenda safari sitini.

Njia ikatoka, nyekundu, imenyooka
kama mstari katikati ya nywele
za mwanamke anayekwenda harusini.

Iliishia shambani kwa Bi Somoe Likwawa.
Koplo alimwambia: wewe, mama, una ruhusa.
Anika wazi. Anika mengi.
Majuma matatu Bi Somoe alitutambia kisimani:
"Nyie kuleni kuvu. Mimi serikali inanijua."
Makopa yake yalikauka hata yakawa yanalia yakigongana.
Akamletea mama kikapu.
Mama alikuwa amekwisha kuelewa. Alikipokea,
akasema ahsante, akafunga mlango.
Ugali wa usiku ule ulikuwa mweupe.
Tulikula sisi. Yeye hakula.

Ndege ilivuka Ruvuma siku ya Jumatano.
Haikuzunguka. Haikutafuta.
Ilifuata njia yangu
kama mgeni aliyeelekezwa vizuri.

Koplo alipiga makofi mara mbili, tatu,
kisha mikono ikabaki hewani.
Mzinga wa chuma ulikaa kimya chini ya matawi yake mabichi.

Baba mdogo aliokota gurudumu lililobaki zima,
akaligeuza, akaligeuza.
"Waliamini," alisema.
Kisha akaenda nyuma ya mchongoma kutapika.
Hakuchonga tena kitu kinachofanana na kitu.

Bi Somoe tulimzika usiku, bila taa.
Sanda yake ilifunikwa majani ya mkorosho
mpaka ukingoni mwa kaburi,
maana ilikuwa nyeupe.

Siku hizi pale penye mikorosho ya shule pana mnara wa simu,
unawaka taa nyekundu usiku kucha ili ndege ziuone.
Njia ipo. Nyasi hazijarudi.
Vijana huipita na pikipiki, wakidhani
kila njia ilianza na mtu aliyekuwa na safari.

Mimi nikienda kumwona dada yangu
hupita pembeni, majanini, kila mara mahali pengine.
Nikifika ng'ambo hugeuka,
nikainama,
nikainua nilichokilaza.